Baroni wa Shati la Njano

Jumatatu, 3 Machi 1924. Hollywood.
Nimepata kazi tena. Filamu ya kuchekesha: fundi bomba anadhaniwa mwana wa mfalme, anakaribishwa karamuni. Mimi ni mgeni wa kujaza ukumbi, nasimama nyuma na glasi. Mwenye koti lake mwenyewe la mkia, lile jeusi la karamuni, analipwa zaidi. Langu ninalo. Boggs, ninayekaa naye chumba kimoja, ameazima la kwake, mikono inamfunika vidole. Bado anaringa.

Jumatano, 5 Machi.
Boggs kaleta gazeti. Binti yangu Lenora anachumbiwa Jumamosi, huko Pasadena, kwa akina Thurlow, watu wenye nacho. Gazeti linasema binti ni yatima, baba yake alikuwa nahodha, akazama na meli. Mimi! Hata mashua sijawahi kupanda. Najua kwa nini kaniua. Nyumba za kupanga hapa zinaandika mlangoni kwamba mbwa na waigizaji hawatakiwi. Nani ataoa kwetu? Lakini roho inauma. Nataka kumwona siku yake, basi. Boggs akasema, ndugu yangu, marehemu haendi karamuni, lala.

Marehemu haendi. Baroni je?

Jumapili, 9 Machi.
Niliingia! Nilijitaja Baroni Zoltau, nikiongea puani, wakanifungulia. Mama Thurlow, mama wa kijana, akanipokea kwa mikono miwili. Kisha akaliangalia shati langu.

Lo, shati! Kamera zetu haziipendi nyeupe, inawaka mno, kwa hiyo mashati yetu tunayachovya rangi ya njano. Kwenye filamu yanatoka meupe pe. Miaka yote najiona kwenye pazia la sinema nimevaa nyeupe, nikasahau. Ukumbi mzima njano ni mimi peke yangu, kama ndizi mbivu. Nikasema kwetu njano ni rangi ya msiba. Wakanipa pole.

Mama Thurlow akaona heri mimi niliye na msiba niseme neno la kumkumbuka marehemu baba yake binti. Nikainua glasi ya juisi ya zabibu. Nikasema nahodha yule alimpenda mwanawe kuliko kitu chochote, ila chombo hakujua kukiendesha. Nikalia, na sikuwa naigiza. Wakanong'ona kwamba Baroni ana moyo laini.

Lenora alisimama karibu na piano. Hakuhitaji kunitazama usoni. Tangu mama yake afariki, ndiye aliyekuwa akiyachovya mashati yale kwenye beseni, angali mdogo hata kulifikia halifikii vizuri. Akanisindikiza hadi getini, akaninyooshea kola. Akasema, "Umesema vizuri, baba. Ila usije tena, nakuomba." Nililia njia nzima.

Jumanne, 11 Machi.
Boggs kasema nimefukuzwa, nikubali yaishe. Wivu tu, yeye hata mtoto hana. Mama Thurlow alinisihi kabla sijatoka: harusi ni Juni, binti hana wa kumshika mkono hadi madhabahuni, Baroni asikose.

Nimewaza mchana kutwa. Shati lilianza kupauka, nimelichovya upya, liko kwenye kamba. Lenora alimkataza baba yake. Baroni hajakatazwa na mtu.