Nafasi Moja ya Zimwi

Kwa heshima na taadhima, umma unaarifiwa kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa mwovu, hata kwa kujifanya, bila kibali chenye muhuri. Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Katibu wa Kamati ya Maadili ya Watu Wasiokuwepo. Nililibandika kwa mkono wangu kwenye mlango wa ukumbi wa halmashauri, juu kidogo ya lile la zamani lililosema maji yatarudi hivi karibuni.

Wapo wanaouliza kwa nini watu wasiokuwepo wanahitaji kamati. Maswali ya namna hiyo huulizwa na watu wasio na kazi. Watu waliopo walishatushinda, kwa hiyo ilikuwa busara kuanza na hawa wengine ambao hawabishi.

Kisa chenyewe kilianzia kwa binti wa dada yangu. Ni fundi cherehani, ana chumba kimoja nyuma ya stendi, na mle ndani ametunga mchezo. Si mpira, si karata. Watu wanaizunguka meza yake ya kukatia vitambaa, kila mmoja anajibuni upya: anachagua jina, kazi, nguvu zake na udhaifu wake. Halafu msimamizi, ambaye ni huyo mpwa wangu, anawasimulia wako wapi na nini kimewapata, kisha anamwuliza mmoja mmoja, unafanya nini? Ukitaka kufanya jambo gumu, unarusha dadu. Basi utamkuta mama muuza mkaa ni mwindaji mwenye upinde, na fundi bomba, jitu zima lisilopenda kuongea, ni mganga wa ndege. Siku ya kwanza kuwaona nilidhani wamelewa.

Hadithi ya mchezo ilikuwa hivi: kuna mji, na zimwi ameikalia chemchemi ya mji huo, watu wanakufa kiu. Wachezaji waende wakamtoe. Nilimwambia mpwa wangu mapema kwamba hadithi hiyo haina uhalisia hata kidogo. Nilimwambia hayo asubuhi moja aliyopita kwangu, nikiwa ndiyo kwanza natoka kuoga kwa kikombe. Mabomba ya mji wetu yalikuwa yamekauka miezi mingi kutokana na tatizo la kitaalamu, na hata langu lilikuwa kavu, jambo lililothibitisha usawa katika huduma.

Kilichotushtua kwenye Kamati, hata hivyo, ni kitu alichokiita msimamo. Kila mhusika anaulizwa mambo mawili. Je, moyo wako unawatakia watu mema, mabaya, au huna habari nao? Na je, unatii sheria, unaikaidi, au unaitii ikikupendeza? Ukiyachanganya majibu unapata vyumba tisa, kuanzia Mwema Mtiifu hadi Mwovu Mkaidi, na kila mtu lazima aingie chumba kimoja. Chumba kilichotusumbua zaidi ni cha Mwovu Mtiifu. Mpwa wangu alikieleza kuwa ni cha mtu anayewaumiza wenzake kwa kufuata utaratibu, karatasi zote zikiwa sawasawa. Bwana Mipango, mjumbe mwenzetu, akauliza, kwa nia njema kabisa, huyo ana tofauti gani na mtumishi wa kawaida. Swali hilo liliondolewa kwenye kumbukumbu.

Niseme wazi kwamba binti alikuwa na shida ya kweli. Alikuwa ameuza cherehani yake moja kati ya mbili ili mchezo uchapwe na uuzwe madukani, na mwenye kiwanda cha uchapaji akamwambia hagusi hata karatasi moja bila muhuri wetu. Alikuja ofisini macho mekundu. Akaniambia, mjomba, nisaidie. Nikamjibu kwamba ndani ya ofisi mimi si mjomba, mimi ni Katibu, na kwamba maisha yake yako mikononi mwa Kamati, mahali salama kabisa kwa kuwa vitu vikiingia huwa havitoki.

Kamati ikafanya kazi yake. Tulipitisha kanuni nne, na sijaona kazi safi kama ile. Ya kwanza, wahusika wote watakuwa Wema Watiifu, zimwi akiwemo. Ya pili, kila mchezaji afanane na mhusika wake, maana kujifanya usivyo ni uongo, na uongo mbele ya Kamati ni kosa la kufukuzisha kazi. Ya tatu, msimamo ukishatolewa ni msimamizi wa mchezo pekee atakayeubadilisha, kwa matendo ya mezani, na utahesabika hata nje ya mchezo. Hiyo ilikuwa ya Mwenyekiti mwenyewe. Alisema tabia si koti la kuvuliwa mlangoni, na tukampigia makofi mpaka viganja vikawasha. Ya nne, ofisi ya umma isishikwe na mtu asiye Mwema. Hii niliiongeza mimi kwa sababu ukurasa ulikuwa umebaki na nafasi chini.

Mpwa wangu akaurekebisha mchezo, ameuma meno. Siku ya majaribio tuliketi ukumbini, wajumbe wote, tukajibunia wahusika. Penye nguvu kila mmoja alijaza uadilifu. Penye udhaifu Mwenyekiti akaandika kwamba anapenda watu kupita kiasi, na Mweka Hazina akachungulia akanakili. Safari ikaanza. Tukapanda mlima bila kusukumana, tukafika kwenye chemchemi. Zimwi akasimama kwa adabu, akatuamkia, akauliza kama tumeshakula, akasogea pembeni. Maji yakatiririka. Mchezo ukawa umekwisha kabla chai haijaletwa.

Mwenyekiti alikuwa ameshika dadu, hajapata pa kuirusha.

"Sasa mimi nampiga nani?" akauliza.

Mpwa wangu akamwambia hakuna wa kupigwa, wote ni wema. Mwenyekiti akataka kujua kama anaweza angalau kumfokea mtu. Hapana, wote ni watiifu. Akasema mchezo umepooza, na kwamba hawezi kuweka muhuri wa serikali kwenye kitu kilichopooza. Nilimwona binti akishika ukingo wa meza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba bila zimwi mwovu hakuna mchezo, alishasema hivyo tangu siku ya kwanza, na barua yake ipo.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoonyesha kwa nini yeye ni Mwenyekiti. Aliagiza itangazwe nafasi moja ya zimwi, mwovu, yenye kibali maalumu. Na kwa kuwa kanuni ya pili inataka mchezaji afanane na mhusika wake, mwombaji aonyeshe uzoefu, hadharani, mbele ya wananchi. Zimwi akipatikana, mchezo unapata muhuri papo hapo. Mpwa wangu akasoma marupurupu ya nafasi hiyo kama yalivyo kwenye mchezo: ngome, walinzi, kiti kikubwa kuliko vyote, na hulazimiki kuinuka kumpisha mtu yeyote. Nikawaona wajumbe wote, ambao dakika ile ile walikuwa Wema Watiifu, wakianza kujikohoza.

Kikao cha usaili kilijaa pomoni. Watu walikuja na ndoo zao mikononi, maana walikuwa njiani kutafuta maji. Vipaza sauti vilifanya kazi, jambo ambalo si la kawaida.

Mweka Hazina alianza. Akaeleza kwamba madawati ya shule yaliyopotea hayakupotea, yako kwake sebuleni, wageni wake wanayakalia na wanayasifia. Mwenyekiti akacheka puani, akasema hayo ni mambo ya zimwi mdogo. Bwana Mipango akasimama, akachora hewani kwa kidole jinsi alivyoipinda barabara ya hospitali ili ipite mbele ya baa yake, ndiyo maana gari la wagonjwa huchelewa. Alijitahidi, lakini alikuwa na haya, na haya haikusaidii kwenye usaili wa aina hiyo.

Kisha Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Kichwa kilikuwa kimemvimba kwa makofi ya watu wake.

"Ndugu wananchi, hawa wawili wanajifunza," alisema. "Maji ya mji huu nimeyafunga mimi. Koki kubwa iko nyuma ya nyumba yangu ya wageni, chini ya banda la mbwa, na mbwa mwenyewe hang'ati. Yanajaza bwawa langu la kuogelea, yanayobaki nawauzia nyinyi kwa lori. Mkiuliza, mnaambiwa ni tatizo la kitaalamu. Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe."

Hapo niliumia. Maneno hayo niliyatunga mimi, na alijua.

Mpwa wangu akamwuliza, taratibu sana, kama hayo ni ya kweli au anatia chumvi kwa ajili ya mchezo. Mwenyekiti akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Akasema yeye hana tabia ya kusema uongo mbele ya Kamati, ni kweli tupu, na mwenye shaka aende akaangalie.

"Basi nafasi ni yako, Mheshimiwa," alisema binti. "Mwovu. Mtiifu au mkaidi?"

"Mtiifu," Mwenyekiti akajibu. "Vibali vyote ninavyo."

Akagonga mihuri miwili pale pale, mmoja kwenye kibali chake cha uzimwi na mmoja kwenye kibali cha mchezo. Mpwa wangu akakikumbatia chake kifuani kama mtoto, machozi yakimtoka bila sauti. Nilifurahi, nakiri, kwa nafasi yangu ya mjomba, ambayo siku hiyo ilikuwa likizo.

Ndipo fundi bomba akainuka kutoka safu ya nyuma na spana yake begani. Mwenyekiti akamwuliza anakwenda wapi. Akajibu kwamba zimwi amepatikana, kwa hiyo sasa ni zamu ya wachezaji, yeye anakwenda kwenye chemchemi. Mwenyekiti akamwambia hajarusha dadu. Fundi akaja mbele, akaichukua, akairusha mezani, akatoka bila hata kuangalia imeangukia ngapi. Mama muuza mkaa akamfuata. Halafu ukumbi mzima ukafuata, na kelele za ndoo zikawa kubwa kuliko vipaza sauti.

Mwenyekiti akaniamuru niwazuie. Nilipitia kanuni kwa makini. Nikamweleza kwamba hawa ni Wema Watiifu waliosajiliwa, wanaelekea kwa zimwi mwenye kibali halali, sioni palipokosewa. Akafungua mdomo aseme kwamba alitunga tu. Akakumbuka kwamba uongo mbele ya Kamati ni kufukuzwa kazi. Akaufunga. Aliahirisha kikao ili atafakari yeye ni nani.

Jioni bomba la nyumbani kwangu lilikohoa, likatema kutu, kisha likatoa maji. Mke wangu alijaza kila kitu chenye tundu juu, hadi viatu vyangu vya mvua. Aliniuliza leo mmefanya nini huko kazini. Nikamjibu kwamba Kamati imetekeleza mradi wa maji kwa mafanikio makubwa. Alijitwika ndoo, akaenda zake jikoni.

Siku chache baadaye wakubwa wa juu wakapiga simu. Walikuwa wamesikia kwamba ofisi yetu inaongozwa na mwovu aliyesajiliwa, na mtu fulani alikuwa amewasomea kanuni ya nne. Mwenyekiti akasimamishwa kazi mpaka atakapokuwa Mwema. Akaniita, akanifokea sana, akaniuliza ni nani anaweza kumbadilisha. Nikamkumbusha kanuni ya tatu, aliyoitunga mwenyewe.

Ndiyo sababu Jumamosi iliyofuata gari la halmashauri liliegeshwa nyuma ya stendi. Mwenyekiti aliingia akiwa na tai, akiruka vipande vya nguo sakafuni, nami nyuma yake na mkoba. Mpwa wangu alikuwa na cherehani mbili tena, na mchezo uliochapwa umepangwa rafuni. Hakumkebehi. Alimpa stuli katikati ya mama muuza mkaa na fundi bomba, akaiweka dadu pembeni.

"Nitakurahisishia, Mheshimiwa. Uko kwenye chemchemi. Mji mzima una kiu, watoto midomo imewakauka. Ufunguo wa koki uko mkononi mwako. Hakuna mlinzi, hakuna adui, hurushi dadu. Ukisema tu unafungua, nakuandika Mwema na Jumatatu unarudi ofisini. Haya. Unafanya nini?"

Mwenyekiti akafungua mkono. Akaangalia kiganja chake kana kwamba kweli kuna ufunguo. Mama muuza mkaa, mwenye kila sababu ya kumchukia, alishindwa kuvumilia, akamnong'oneza aseme tu nafungua, ni neno moja, baba, sema. Fundi bomba akatikisa kichwa kumtia moyo. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, kwa sababu mshahara wangu unatoka kwenye ofisi hiyo hiyo.

Mwenyekiti akaweka tai yake sawa, akakohoa.

"Kwanza kabisa," akasema, "naunda kamati."

Hakuna aliyecheka. Mpwa wangu alinigeukia mimi, na alivyokuwa ananitazama ndipo nikagundua kwamba nimeshanyoosha mkono, naomba niwe katibu.