Monita ya Jogoo Mmoja

Jumatatu, 9 Juni

Kioo cha kompyuta kimekufa. Na kimekufa mbele ya mteja! Mwalimu mmoja alikuwa anachapiwa barua ya kuomba uhamisho. Tumefika kwenye "Yahusu", kioo kikalia nyii, kikawa cheusi. Nikakipiga kofi upande wa kulia. Kikawaka! Kwa furaha nikakipiga na la kushoto. Kikazima moja kwa moja.

Mwalimu akavuka barabara kwenda kwa Paskali.

Paskali ana duka la uchapaji na fotokopi kama hili langu. Ila yeye ana kioo kipana, feni, na tabia ya kusimama mlangoni akijinyoosha kila mteja wangu anapovuka. Shelui yote hii, na barabara yote hii ya kwenda Nzega, akaona afungue hapo hapo mbele yangu.

Na siku mbaya haiji na tatizo moja. Mchana akaja Mama Damari, mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya kwaya. Wanataka vijitabu vya ibada vyenye jalada la rangi na picha ya Mzee Leonidas, mwanzilishi wa kwaya. Mimi na Paskali tuandae kila mtu mfano wake, kamati itapita Jumamosi kuchagua. Atakayeshinda atapewa kazi zote za kanisa: harusi, kipaimara, misiba. Misiba peke yake inalisha familia!

Nikamhakikishia mashine zangu ziko imara. Akauliza kwa nini kompyuta imevikwa kanga. Nikasema vumbi la Juni.

Kanga ni ya Scola, mke wangu. Yeye bado hajaulizia.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata ufumbuzi. Anselm! Ana kibanda pale malori yanapoegesha, anauza vitu vya umeme vilivyokwisha kutumika. Leo ana monita nyeusi, pana, haina hata mkwaruzo. Akaiwasha. Ikatokea picha ya maporomoko ya maji. Nilitaka kulia.

Hela sina. Anselm akasema kati yetu hela ni ya nini, yeye hata kuku anapokea. Ila si kuku yeyote. Kuna jogoo mwekundu alishamwona nyumbani kwangu, mwenye kilemba kikubwa.

Anamtaka Kanali!

Kanali ndiye baba wa vifaranga vyote vya Scola. Wale wanaokusanya kuku wa kienyeji kupeleka Dar wamembembeleza mara nyingi, amewakatalia. Anamchambulia mchele. Mimi mchele wangu nakula na mawe yake.

Nikamwambia Anselm haiwezekani hata kidogo. Halafu nikaenda kumchukua.

Scola alikuwa shambani anapiga alizeti. Kanali akaingia kwenye kiroba bila ubishi, kama mtu anayepanda basi. Nikapita naye nyuma ya nyumba za watu. Karibu na mashine ya kusaga akawika. Nikakohoa kwa nguvu kumfunika. Mama mmoja akanipa pole, akanishauri tangawizi.

Jioni Scola akaulizia jogoo wake. Nikasema mwewe. Nimemwona kwa macho yangu, nikamrushia jiwe, nikamkosa. Scola akaniangalia sana. Akauliza ni mwewe gani anayeweza kunyanyuka na jogoo mzito vile. Nikasema mabadiliko ya tabianchi.

Jumatano, 11 Juni

Monita inawaka, inapata joto, inazima. Ikipoa inawaka tena. Kwa hiyo muda wa kuandika barua ni ule ule wa kupoa chai.

Nikarudi kwa Anselm. Akasema yeye aliniuzia monita, hakuniuzia muda. Nikauliza kuhusu dhamana. Akaonyesha kizingiti cha kibanda chake, akasema dhamana inaishia pale.

Sawa. Nitatengeneza mwenyewe! Nimeangalia video kwenye simu. Jamaa anasema monita ikifanya hivi, tatizo ni kapasita, yale makopo madogo ya kwenye bodi. Yakichoka yanavimba vichwa. Nikafungua kwa kisu cha jikoni. Kweli! Yamevimba kama mashavu ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Umeme nilichomoa kwanza, mimi si mjinga. Lakini hakuna aliyeniambia kuna umeme mwingine unabaki ndani umejificha. Ulinirusha mpaka kwenye rimu za karatasi. Nikakaa pale kidogo, nikafikiria maisha.

Kapasita mpya zipo Singida mjini, na nauli ni tatizo. Nilipopita nyumbani jicho langu likaangukia redio ya Scola. Bonge la redio, imejaa kapasita. Nikachagua za kufanana. Msumari nikauchoma kwenye jiko la mkaa, risasi ikayeyuka, nikaunga. Redio nikaifunga vizuri. Kwa nje ni redio kamili kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Inafanya kazi! Asubuhi mpaka jioni haijazima hata mara moja. Nilisimama mlangoni nikajinyoosha, Paskali aone.

Dosari ndogo. Kila kitu ni cha njano. Karatasi nyeupe inaonekana kama imechovywa kwenye mafuta ya alizeti. Nikachunguza. Kijino kimoja cha plagi ya waya wa picha kimelala. Nikakiinua taratibu kwa kibanio cha nywele cha Scola. Kikakatika nusu. Nusu iliyobaki inagusa ukiibana, kwa hiyo nimeifunga plagi kwa raba na kuiegemeza tofali. Unjano umepungua. Ukiwa mbali huuoni. Ukifumba jicho moja huuoni kabisa.

Nyumbani, Scola akawasha redio asikilize kipindi chake. Kimya. Nikasema mitambo ya redio imeharibika mkoa mzima. Wakati huo huo redio ya jirani yetu Rebeka inasikika mpaka kwetu, kwaya inaimba. Scola akanyoosha kidole upande ule. Nikasema kwa Rebeka ni mwinuko.

Mke wangu siku hizi ana tabia ya kunyamaza. Siipendi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetengeneza jalada, na limetoka zuri mpaka nimejiogopa. Mzee Leonidas amekaa katikati, maua pembeni, jina la kwaya juu kwa herufi za kupinda.

Shida ilikuwa uso wake. Kwenye kioo alionekana wa njano, kama mtu aliyelazwa. Nikaanza kumtibu. Nikaongeza bluu kidogo. Akapata nafuu. Nikaongeza tena. Mashavu yakarudi. Nikaongeza mpaka akawa mzima wa afya, mweusi wa kung'aa, Mzee Leonidas mwenyewe! Wino wa rangi ni wa kubahatisha, kwa hiyo sichapi leo. Nitachapa kesho mbele ya kamati, waone mashine inavyochapa kazi.

Mchana Scola akaniletea chakula dukani. Hajaketi vizuri, jogoo akawika ng'ambo ya barabara. Scola akaganda. Jogoo akawika tena. Akaweka bakuli chini, akavuka.

Nilimwona kupitia dirisha. Kanali! Amefungwa kamba mguuni kando ya duka la Paskali, amenenepa kidogo. Scola akamwita jina. Akaitika! Sijawahi kuona kuku msaliti namna ile.

Scola akarudi, akasimama mlangoni.

"Enock, yule mwewe wako kumbe ana duka la fotokopi?"

Nikasema majogoo wengi wanafanana. Hapo akahamia Kinyaturu. Mimi Mnyiramba. Nilichoelewa ni jina langu, na lilitajwa mara nyingi.

Alipotulia akarudi kwenye Kiswahili, na hicho ndicho kilichonitisha. Akasema Paskali hana kosa, amempata jogoo kwa Anselm. Akasema kesho hatanivunjia heshima mbele ya kamati. Nikipata kazi ya kwaya, nimkomboe Kanali. Nisipopata, nitaingia mimi bandani na kutaga.

Akaondoka na bakuli. Sikuwa nimekula.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Kamati ilikuja asubuhi, na Mzee Leonidas mwenyewe wamemleta, kofia mkononi, koti lake la ibada. Shikamoo zikapita. Nikawapanga mahali ambapo tofali halionekani. Kwenye kioo jalada lilikuwa linang'aa. Mama Damari akasema, "Eh, Enock, kumbe unaweza!" Scola alikuwa amesimama nyuma yao, nikamwona anaanza kutabasamu. Nikabonyeza. Printa ikaguna, ikatema karatasi.

Mzee Leonidas alikuwa wa bluu.

Si bluu ya kujadiliana. Bluu ya pipa la maji! Uso, masikio, mikono. Meno ndiyo yaliyobaki na nafuu.

Lori likapita. Mzee akachukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hii ni ya jubilei, au mmeshaanza kuandaa ya msiba wangu?"

Nikasema ile ni rangi ya mbinguni. Nilidhani itasaidia. Mama Damari akafunga mkoba wake, na ule mlio wa zipu bado nausikia.

Hapo ndipo Paskali alipoingia kuwakaribisha wavuke kwake. Akaona monita yangu. Akaisogelea, akaishika kichwani kama mtu aliyeonana na mtoto wa shangazi.

"Kumbe uko huku! Vipi, bado una ule unjano?"

Ilikuwa yake! Aliiacha kwa Anselm amuuzie kwa chochote kitakachopatikana. Kilichopatikana ni Kanali. Yaani nimemchukua jogoo wa mke wangu, nikampa mshindani wangu, naye akanipa takataka yake. Na kapasita nikaiwekea za redio ya mke wangu.

Nilimtafuta Scola kwa macho. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anaangalia chini, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani likatolewa tangazo: vijitabu atachapa Paskali. Watu wakageuka kuniangalia. Nikaimba kwa sauti, wimbo haukuwa umeanza.

Baada ya ibada Scola akaenda kuongea na Paskali. Mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi la nje. Nilisikia wakicheka. Wakatoka na makubaliano: Kanali anarudi nyumbani leo leo, na mimi wiki hii nitakunja na kupiga pini vijitabu vyote vya kwaya dukani kwa Paskali. Nikapendekeza nimrudishie na monita yake. Paskali akakataa kwa haraka sana.

Kanali amerudi akiwa juu ya mikono ya Scola. Wamepita mlangoni pamoja, hakuna aliyenisalimia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekunja. Paskali kanikalisha karibu na mlango, ati kuna mwanga. Kuna mwanga, na wateja wangu wote wananiona. Mwalimu wa barua ya uhamisho aliniuliza kama nimeajiriwa huku. Nikasema niko kwenye ukaguzi.

Saa ya chai Paskali akaleta chai ya maziwa na maandazi, akakaa nami. Akasema alipofungua hapa alikuwa ananiogopa, kwa sababu mimi naandika barua nzuri kumshinda. Watu wanakuja kwake na barua zao zinarudi, nikiandika mimi zinajibiwa. Kwa nini tusigawane: barua zije kwangu, rangi zibaki kwake? Alisema bila kejeli. Nilisubiri kejeli, haikuja.

Nikamjibu kwamba nitafikiria.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Scola. Akanichambulia mchele! Bakuli zima, sikukuta hata jiwe moja. Akasema hayo ndiyo maneno ya maana aliyoyasikia tangu Jumatatu iliyopita. Tukacheka kidogo kuhusu Mzee Leonidas. Nikakiri na kapasita za redio yake, nikamwahidi nitairudisha kama ilivyokuwa, na kwamba mambo ya mkato basi tena. Niliahidi kwa moyo wote.

Jumanne, 17 Juni

Baba mkwe amekuja kutoka Sepuka bila taarifa. Shikamoo baba, marahaba, karibu baba. Amemletea binti yake beberu. Beberu! Mkubwa, mweupe, shingo kama ya askari. Amesema ni wa kuanzishia kundi, Scola aachane na kutegemea kuku tu. Scola alilia kwa furaha. Hata mimi nilijisikia vizuri, niliposhika kamba yake nikajua ni mnyama wa thamani.

Nikaenda kuchota maji. Njiani nikakutana na Anselm. Ameshushiwa mashine ya fotokopi kutoka kwenye lori. Kubwa! Ya rangi! Inakunja na kupiga pini yenyewe. Ukiwa na kitu kama hicho, ya nini kugawana kazi na mtu? Ina tatizo dogo tu, ikiwashwa inatoa moshi upande mmoja, ila upande ule mwingine iko safi kabisa. Amenieleza anachotaka, na safari hii si kuku. Nimemwambia aniwekee.

Tumekula ugali mapema, baba mkwe amechoka na safari. Wakati wa kupakua nikamuuliza kwa heshima zote kama kule Sepuka fisi bado wapo. Akasema siku nyingi hawajaonekana. Nikasikitika kidogo, nikamwambia huku kwetu hali ni tofauti, upande wa mlima Sekenke wamesikika wakilia.

Scola akaacha kupakua mboga.

Kesho, Mungu akipenda, watakuwa wamefika Shelui.