Malaria ya Dunguni

Jumatatu, 9 Mei 1994
Kidonge cha tano, cha mwisho! Nesi Winifrida wa zahanati binafsi, Kibiti, amesema kati ya tarehe 14 na 17 mume awe karibu. Karibu! Yassin wangu yuko ng'ambo ya mto, dunguni, kwenye kibanda cha nguzo shambani, anaamia ndege wasile mpunga, yeye na dada yake Swaumu. Miaka sita ya ndoa. Namtaka mtoto mpaka naota namuogesha. Lakini vidonge hivi vya uzazi ni siri, hasa kwa wifi Swaumu. Hana kifua yule.

Joto linanipanda usoni. Kila kitu kina mng'ao, kama nesi alivyoonya. Kuku wa Zamda jirani amevaa taji.

Jumamosi, 14 Mei
Nimevuka kwa mtumbwi. Nikadai nimeleta chumvi. Hila safi! Chumvi nimeisahau nyumbani Salale.

Mpunga ulikuwa unawaka polepole, dhahabu juu ya dhahabu. Nikautazama mpaka Yassin akauliza kama nimesinzia. Kisha joto. Jasho chapachapa! Swaumu akanishika paji, akauliza nina nini. Nikasema malaria. Kumbe anayo klorokwini. Nimemeza vinne, kanisimamia.

Jumapili, 15 Mei
Muwasho wa klorokwini! Nimejikuna kwa mwiko. Nimejikuna kwa nguzo ya dungu. Yassin kahamia dungu la jirani ili nipumzike. Mume mpole. Mpole kupita kiasi.

Jumatatu, 16 Mei
Muwasho umepoa, Yassin karudi. Asubuhi nikaona ndege wadogo wa mwanga wakielea juu ya mpunga. Wazuri mno. Nikawarushia jiwe kwa kombeo. Jiwe likatua kwenye sufuria ya wali. Yassin alicheka mpaka akakaa chini, nami nikampenda upya. Halafu nikalia. Sababu? Sina. Kahamia tena.

Jumanne, 17 Mei
Siku ya mwisho. Swaumu akaniita pembeni, akauliza kwa upole kama si malaria bali vile vidonge vya Kibiti. Akasema hata yeye alivimeza, ndivyo alivyompata mwanawe Mwanaheri, na hajamwambia mtu. Kama ndivyo, leo atalala yeye kwa jirani, Yassin arudi kwangu.

Moyo uliruka! Ile 'ndiyo' ilikuwa ulimini. Nikasema: vidonge gani, wifi? Malaria tu.

Akanitazama sana. Akaenda kuleta klorokwini.

Naandika huku najikuna. Yassin yuko kwa jirani. Nimelia kidogo. Ila siri haijatoka! Na kosa nimeliona: ni ugonjwa niliouchagua. Mwezi ujao nitasema nina surua.