Baiskeli Kumi na Nne na Mtani wa Kujipachika

Naanza kwa jina la Mola, aliyempa mwanadamu ulimi mmoja na masikio mawili ili asikie maradufu ya asemayo, naye mwanadamu akageuza hesabu. Ninamwomba anilinde nisitie chumvi katika habari hii. Na nikitia, iwe ya kiasi cha mboga.

Kisha niwaketishe watu, kila mmoja mahali pake. Wa kwanza ni Salehe, mzaliwa wa Ujiji, aliyeingia Shinyanga mwaka wa themanini na tatu akiwa na suti moja ya kaunda, baiskeli mpya ya Foniksi na maneno yasiyo idadi. Wa pili ni Thobias, mshirika wake, dereva wa lori kuukuu. Betri ya lori hilo ilikwisha kufa na kuzikwa, na haliwaki ila kwa kuzungushwa hendeli, chuma kilichopinda kama kiwiko, kinachochomekwa mbele ya injini. Wa tatu ni Mwalimu Gregory, mstaafu aliyependa vikao kuliko chakula. Wa nne ni Maulidi, fundi cherehani.

Wa tano ni Mageni, mama yake Klara, Msukuma na mjane, muuza karanga sokoni. Marehemu mumewe alimwachia urithi mmoja, baiskeli ya Swala. Hiyo ndiyo iliyobeba magunia ya karanga kutoka vijijini, na karanga hizo ndizo zilizomweka Klara katika shule ya bweni. Baiskeli ikitoweka, Klara anarudi nyumbani. Na tairi la nyuma la Swala hiyo lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa viatu mara tatu, kwa kuwa mwaka ule tairi jipya lilikuwa adimu kama mvua ya Septemba.

Siku moja Salehe alikaa kwa kinyozi, akamsikia mchimbaji wa Nyarugusu akisema kwamba kule machimboni baiskeli yenye tairi zima hubadilishwa kwa dhahabu, wala haulizwi mtu ilikotoka. Mchimbaji akaongeza kwamba mwezi ujao wachimbaji watashindana kuupanda mlima mbio, kila mmoja na kiroba cha mawe mgongoni. Mtu wa kawaida angesikia habari mbili. Salehe alisikia moja.

Jumamosi iliyofuata kikazaliwa Chama cha Watazamaji wa Mbio za Mlima. Kilikuwa na katiba kabla ya kuwa na wanachama. Mwalimu Gregory akawa Mwenyekiti, Maulidi akawa Mweka Hazina, ingawa hazina yenyewe haikuwako, na kila aliyebaki akapewa ukatibu wa jambo fulani, maana katika zama zile mtu aliweza kulala na njaa lakini si bila cheo.

"Ndugu wajumbe," alisema Salehe, "tutakwenda kwa baiskeli zetu, siku tatu njiani, tukilala katika mahema. Lori litabeba mahema na unga. Na kila mtazamaji mwaminifu atapewa kibali cha tairi mbili kwa bei ya serikali."

Ukumbi mzima ukainama mbele kama msikiti wakati wa rukuu.

"Tairi mbili mbili?" akauliza Maulidi.

"Mbili mbili. Lakini sharti uje na baiskeli yenye tairi zima. Serikali haiwezi kumpa tairi mtu asiye na tairi. Itajuaje kwamba ana haja nalo?"

Hoja hiyo ilipigiwa makofi. Mimi nimeisoma mantiki kwa miaka sita, na sijaona mfano wake.

Mageni akasimama. "Baba, la kwangu la nyuma limeshonwa."

Salehe akaitazama Swala, akaona fremu imara na kengele ing'aayo. "Wewe Msukuma? Basi mimi Mzaramo, watani sisi! Kwa mtani wangu nalegeza sheria."

Hapo ndipo alipokosea, naye hakujua. Alilitwaa kabila la watu kama mtu anavyotwaa mwavuli mlangoni mwa jirani, bila kujua una matundu mangapi. Wahenga wetu wa utenzi wangemwambia:

Ukijivika kabila, jivike na mila zake,
Ukiliazima joho, azima na chawa wake.

Wakaondoka alfajiri, baiskeli kumi na tatu za wanachama na Foniksi ya Salehe mbele yao kama imamu, lori likikohoa nyuma. Mchana wa pili, walipopiga mahema yao ya magunia ya pamba, Mageni akamnyang'anya Salehe kofia kichwani.

"Nimekuteka, Mzaramo! Ngoma za kwenu zimekwisha, umekuja kula michembe yetu, viazi vyetu vikavu? Komboa!"

Wenzake wakacheka, wakingojea jibu. Mtani wa kweli angemtukana ng'ombe wake, angemnyang'anya sufuria, angedai mahari. Salehe akainamisha kichwa.

"Samahani sana, mama. Naomba kofia yangu, tafadhali."

Mageni akampa kofia yake taratibu. Jioni akamwambia Maulidi, "Baba, umepata kumwona Mzaramo akimwomba radhi Msukuma?"

"Labda ana homa," akasema Maulidi.

"Labda. Nitampima."

Asubuhi ya mbio Salehe aliwapanga wote mguuni pa mlima. "Mwisho wa mbio unaonekana kileleni tu, nako baiskeli hazipandi. Nendeni, wazee wangu. Mimi na Thobias tutajinyima furaha hiyo, tulinde mali zenu."

"Huyu ni kiongozi," akasema Mwalimu Gregory, machozi yakimlengalenga.

Wakapanda. Mageni alipanda nyuma ya wote, pole pole, mgongoni amefunga kwa kanga kitu kama mtoto. Serafina, Katibu wa Maji, akastaajabu. "Mama Klara, mtoto huyo umempata wapi?"

"Wa mtani wangu. Namlea kidogo."

Waliporudi adhuhuri, sauti zimewakauka kwa kushangilia, walikuta mahali pa baiskeli pana majani yaliyolala tu. Baiskeli zote kumi na nne zilikuwa ndani ya lori, zimefungwa kamba kwa ustadi. Thobias alikuwa chini ya lori akipapasa nyasi. Salehe, jasho likimtiririka ndani ya kaunda, alikuwa akipiga kelele.

"Hendeli! Nani ameiba hendeli?"

Mageni akafungua kanga, akamtoa mtoto. Alikuwa wa chuma, amepinda kama kiwiko.

"Nimekuteka, mtani. Komboa!"

"Lete hapa, mwanamke! Mimi si mtani wako! Mimi nimezaliwa Ujiji, Uzaramo sijapata hata kuuona!"

Vijana wa sungusungu, waliokuwa wakilinda mbio, wakasogea na pinde zao ili wasikie vizuri zaidi.

Mageni hakupandisha sauti. "Sikiliza, baba. Kama wewe ni mtani, nimechukua kitu chako na wewe umechukua vyetu. Utani hauna kesi, tutacheka, utakomboa, yamekwisha. Kama si mtani, basi mimi nimeshika chuma cha mgeni, nakirudisha sasa hivi. Lakini hizo baiskeli katika lori lako zitaitwaje? Chagua. Vijana hawa nao wanangoja."

"Naomba mjumbe ajibu hoja," akasema Mwenyekiti, akiwa tayari na kalamu.

Salehe akazitazama pinde, akawatazama watazamaji, akautazama mlima.

"Mimi ni Mzaramo," akasema kwa unyonge. "Kwa upande wa bibi."

"Cheka basi."

Akacheka. Sijasikia kicheko kilichofanana hivyo na kikohozi.

Mageni akataja kikombozi: tairi mbili za Foniksi zivalishwe Swala, na lori liwarudishe wote Shinyanga pamoja na baiskeli zao. Thobias, aliyegundua ghafla kwamba hakupata kuwa mshirika wa mtu yeyote, alifungua tairi kwa mikono yake, kisha akazungusha hendeli kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana mwema. Foniksi ikateremshwa, ikaegemezwa juu ya jiwe, magurudumu uchi, na Salehe akaachwa kando yake.

"Na kibali chetu?" akauliza Maulidi kutoka juu ya lori.

"Chama kitafuatilia," akasema Mwalimu Gregory, akaandika hivyo katika kumbukumbu za kikao, zilizopitishwa bila kupingwa kabla lori halijafika barabara kuu.

Muhula uliofuata Klara alirudi shuleni, sanduku lake likiwa nyuma ya Swala yenye tairi mbili mpya.

Ewe Mola, wabariki waliobaki Shinyanga na vyeo vyao visivyo kazi. Dumisha karanga za Mageni na elimu ya bintiye. Na yule aliyebaki chini ya mlima, akisukuma rimu tupu juu ya kokoto, mlainishie njia, umruzuku tairi la halali, na kabila alilozaliwa nalo limtoshe. Amina.