Honi Yangu Haina Ardhi

Jumatatu, tarehe 3 Agosti
Gari limekamilika. Miaka yote lilikaa chini ya turubai, watu wakilicheka. Leo linang'aa hadi jirani kajitazama kwenye mlango wake na kuchana nywele. Rangi nimepaka mwenyewe, mara tatu, mpaka ndani ya boneti, mpaka kitako cha honi. Jumamosi litampeleka binti yangu harusini kwake. Kasoro moja tu: honi bubu.

Shemeji, kaka yake mke wangu, kapita na gari lake jipya lenye kiyoyozi. Kasema bibi harusi hapelekwi na bubu. Mke wangu akatoa hukumu papo hapo: honi isipolia Jumamosi asubuhi, mtoto anapanda gari la mjomba wake. Mjomba! Na aliyempakata akimfundisha kubonyeza honi alikuwa nani?

Jumatano, tarehe 5 Agosti
Nimebadilisha fyuzi. Kimya. Nimebadilisha kitufe cha usukani. Waipa zikaanza kucheza. Sikuziomba, lakini nimezipokea.

Nimemwita fundi umeme, kwa kumheshimu tu. Kachungulia, kagonga, kasema honi haina arthi. Anataka kukwangua rangi pale honi inapofungwa kwenye bodi, eti rangi imezuia umeme kurudi kupitia chuma. Kukwangua! Nikamwambia hiyo ni rangi, si ukoko wa sufuria. Akaenda zake akicheka.

Kuhusu ardhi, hata hivyo, kagusa jambo. (Anatamka "arthi", maskini. Nilimsahihisha.) Gari liko juu ya saruji tangu mwaka jana. Honi itapata wapi ardhi?

Ijumaa, tarehe 7 Agosti
Tumelisukuma hadi kwenye udongo, kando ya uzio. Mke wangu alisukuma huku akisema peke yake, au na mimi. Gurudumu likatumbukia mtaroni, gari likatikisika lote. Nikabonyeza.

Pooo! Kuku wa jirani hawajarudi mpaka sasa. Ardhi! Nilimpigia shemeji simu, nikaiweka karibu na boneti, nikabonyeza tena.

Hasara ndogo: mtikisiko ulichubua rangi kwenye boliti ya honi. Nimefungua, nimepaka upya, nimekaza. Mtu makini haachi kidonda wazi.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti
Ukoo mzima getini. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa kiwiko. Shemeji akawasha kiyoyozi, akafungua mlango wake wa nyuma. Mke wangu akaangalia viatu.

Binti yangu akaupita ule mlango, akakusanya gauni lake lote, akaketi kando yangu na kushusha kioo.

"Endesha, baba. Honi ni mimi."

Akapiga pooo kwa mdomo njia nzima, shela nje ya dirisha, kila kona bila kuruka. Watu walitupisha. Shemeji alifuata nyuma polepole, kama msindikizaji. Macho sikuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Jumapili, tarehe 9 Agosti
Nimegundua chanzo. Asubuhi ya jana niliegesha kwenye saruji ya getini, magurudumu yasichafuke. Basi! Sasa nimeweka kopo la udongo chini ya kiti. Ardhi ya akiba.

Jioni kapita fundi. Nilimwonyesha taa ya nyuma isiyowaka. Kasema haipati moto, waya umekatika mahali. Safari hii katamka vizuri, sikuwa na la kusahihisha. Nimeshanunua kiberiti.