Jemadari Anastaafia Kwangu

Jumatatu, 3 Juni

Kafika. Lori limemshusha saa nne asubuhi nyuma ya karakana yangu ya mapazia, mtaa mzima ukitazama. Anaitwa Jemadari. Farasi wa maonyesho, mstaafu, miaka ishirini na minne. Mweupe, mrefu, magoti yamevimba kidogo. Bibi Mkufunzi, aliyemlea tangu utotoni, amenishika mkono akasema anachomtakia uzeeni ni nyumba yenye upendo, basi. Masharti mawili: asipandwe, asionyeshwe tena. Jumapili anakuja kukagua. Akikuta kanyanyaswa, anaondoka naye. Nimeweka sahihi bila kupepesa macho. Kwenye barua ya kumwomba farasi nilimwandikia kuwa nina uzoefu mrefu wa farasi. Ni kweli, niliwahi kushona pazia lenye farasi kumi na wawili.

Mke wangu kanuna. Nilimwambia tunapokea msanii mzee asiye na ndugu, akatandika chumba cha wageni, akaweka na sabuni mpya. Amemtazama Jemadari, akanitazama mimi, akauliza nani kati yetu atalala huko. Nimehamia mimi.

Jumanne, 4 Juni

Sababu yenyewe niiandike hapa, maana daftari halina mdomo. Jumamosi ukumbi mpya wa mtaa unafunguliwa, na mafundi wote tutaandamana. Jirani yangu Fundi Makochi, mshona viti, ametamba wiki nzima kwamba atatangulia yeye, kwenye pikapu, kakalia kochi jekundu. Na atambe! Nitatangulia mimi, juu ya farasi mweupe, na bango la mapazia. Dakika kumi tu. Bibi Mkufunzi anaishi mbali. Nani atamwambia?

Jemadari hali. Nimempa majani makavu ya daraja la kwanza, akayatafuna, akayatema mabonge mabonge. Nikamwambia aache madeko. Mke wangu akaja, akamfunua mdomo bila kuniuliza. Magego yamekwisha. Akaloweka pumba kwenye maji ya uvuguvugu, akakatia karoti ndogondogo. Mzee kamaliza ndoo nzima. Mimi na uzoefu wangu mrefu tumekaa pembeni.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi, mke wangu akiwa sokoni. Nimepandia ngazi ya kutundikia mapazia. Mara ya kwanza nimepitiliza upande wa pili. Mara ya pili nimekaa. Jemadari hakusogea. Nimembembeleza, nimempigia mluzi, nimemwahidi karoti. Robo saa nzima niko juu kama nguo iliyoanikwa. Fundi Makochi akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama bado nasubiri abiria.

Jambo jingine. Nikiwa kwenye cherehani, Jemadari hupenyeza kichwa dirishani na kuniwekea kidevu begani. Kizito kweli. Nimeshona pazia la mteja hivyohivyo, mshono umekwenda kombo, wala sikumfukuza. Sijui nimepatwa na nini.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kamshonea blanketi kwa mabaki ya mahameli yangu ya bei mbaya. Anamwita baba. Mimi ananiita wewe. Amesema wazi kwamba Bibi akimchukua Jemadari kwa upuuzi wangu wowote, basi anichukue na mimi. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Kesho dakika kumi tu. Labda nane.

Jumamosi, 8 Juni

Fedheha. Niandike upesi kabla mkono haujavimba zaidi.

Mke wangu alitangulia ukumbini. Nikavaa koti la dhahabu, nimelishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia, nikampanda Jemadari nikitokea barazani. Safari hii akatembea, taratibu, kwa heshima zake. Nyuma yetu Fundi Makochi anapiga kelele dereva wake atupite. Nikampungia mkono. Raha iliyoje!

Tukafika uwanjani, bendi ikaanza kupiga. Masikio ya Jemadari yakasimama. Sikumwamuru lolote, Mungu ni shahidi. Akaanza kwenda ubavuubavu. Akazunguka mara mbili. Akawa anainua mguu mmojammoja, kama anayeogopa kuchafua zulia. Watu wakashangilia, nikadhani ni mimi. Akafika mbele ya meza kuu, akapiga goti, akainamisha kichwa mpaka chini. Yeye akaishia hapo. Mimi nikaendelea, nikatua kwenye makreti ya soda, miguuni pa mgeni rasmi.

Kisha akainuka, akaenda mlangoni pa ukumbi palipofungwa utepe wa uzinduzi, akasimama. Hasogei. Mwenyekiti wa mtaa akamsukuma, Fundi Makochi akamvuta. Wapi! Ndipo nikasikia sauti ya Bibi Mkufunzi. Kumbe mke wangu alimwalika aje siku moja kabla, afurahie sherehe nasi. Akawaeleza watu kwa upole kwamba Jemadari kila akimaliza onyesho alivishwa utepe, na bila utepe haondoki. Basi mgeni rasmi akaukata, mke wangu akamfunga nao shingoni, mzee akakubali kuondoka.

Makofi yakapigwa. Lakini mimi nilikuwa chini, nikaona miguu. Ilikuwa inatetemeka. Jasho linamchuruzika tumboni, na magoti yale yamevimba zaidi. Mzee wa watu alikuwa amejikaza mpaka mwisho kwa sababu alidhani ni kazi. Nilijichukia.

Jumapili, 9 Juni

Bibi kaja na lori. Kakagua kwato, mdomo, magoti, blanketi. Nilikiri yote, maana yote yalionekana na watu mia tatu. Nikamwambia amchukue tu, simstahili. Mke wangu akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mlango wa lori ukafunguliwa. Jemadari akautazama, akageuka, akaenda zake kwenye ndoo ya mke wangu.

Bibi alimtazama akila. Halafu akachana mkataba wangu, akaandika mwingine kwa jina la mke wangu. Mimi nimepewa kazi ya kuzoa mavi, asubuhi na jioni. Nilimshukuru mpaka akaniomba nimwachie mkono.

Jumatano, 12 Juni

Anakula, anaota jua, uvimbe unapungua. Nimerudishiwa kitanda changu. Ningekuwa mtu mwenye furaha kabisa, ila Fundi Makochi anapita duka kwa duka akisema farasi wa kwetu amekwisha, hataonekana tena barabarani.

Amekwisha? Mkataba mpya una vifungu tisa. Nimeusoma mara mbili. Asipandwe, asionyeshwe, asivutishwe mzigo, asikimbizwe. Hakuna mahali palipokatazwa yeye kubebwa. Muuza vyuma chakavu ana mkokoteni mkubwa wa magurudumu manne. Nitauzungushia mahameli pande zote, na bango juu. Jemadari atasimama ndani, kwenye kivuli, anapunga hewa. Mimi ndiye nitakayevuta.

Leo, mke wangu alipokwenda sokoni, nimeuazima mkokoteni, nikajaribu kwanza kwa kupakia kabati lake la nguo. Tumefika mpaka getini, na mgongo umelia mara moja tu.