Sanamu ya Shamba la Nyanya Ipunguzwe Kazini

Kwako Ndugu Meneja wa Shamba,

Kwa heshima zote, na baada ya kunawa mikono, nakutaarifu jambo zito: sanamu ya kufukuza ndege, ile iliyo katikati ya nyanya, imevaa koti. Koti zima. Lina vifungo.

Sisi vibarua wa kuja, tunaolala bweni la nyuma ya ghala, tunajua uchumi ni mbaya. Ulitueleza mwenyewe, umesimama juu ya kreti, siku ulipopunguza nusu yetu. Mmoja wao ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mrefu wa mikono mirefu, niliyekuja naye kutoka kwetu na sasa hana hata nauli ya kurudi. Tulikuelewa. Lakini sanamu haikupunguzwa! Hivyo nalalamika, kwa mpangilio:

1. Sisi huinama mpaka viuno vinasahau kunyooka. Yenyewe husimama wima kama bwana harusi anayepigwa picha.

2. Nyapara wetu, tunayemwita Upesi-Upesi, anaisifu. Juzi alituuliza kwa nini tusiiige: haipigi soga, haichungulii simu, wala haifiwi na bibi yuleyule kila msimu. Mama mmoja mchumaji akamwambia sanamu haina bibi. Akaambiwa aache kumsema vibaya mfanyakazi mwenzake.

3. Nyumbani kwangu hakukaliki. Nilimsimulia mke wangu kwa simu, akasema basi heri angeolewa na sanamu, angalau yenyewe ina kazi ya kudumu.

4. Ndege wanaihofu kupita kiasi. Zamani walipumzika kichwani mwake; siku hizi hata kunguru anapita mbali. Kwa bidii hii kesho itapewa unyapara, keshokutwa kiti chako. Nakutahadharisha kwa nia njema, maana wapo watakaochelewa kuona tofauti.

Kwa hiyo naomba sanamu ipunguzwe mara moja na nafasi yake apewe shemeji. Kusimama anajua. Makuu hana. Koti litamtosha, nimeshalipima kwa macho.

Nisalimie mama watoto, watoto wenyewe, mhasibu, na mbwa wa getini, ambaye tunampongeza kwa kubaki kazini.

Wako mtiifu, kiuno kikiruhusu,
Kibarua wa Tuta la Mwisho

N.B. Nimemsomea shemeji barua hii, ameikataa katakata. Anasema hataki kupunguzwa mara ya pili. Tangu ile siku ya kreti ndiye anayesimama pale, ili Upesi-Upesi asimkute bwenini mchana akamfukuza. Anachoomba ni nafasi ya kwenda kula tu. Yale ya mke wangu tuyaache. Koti ni langu. Sanamu ya mbao tuliichoma jikoni, maharage yakaiva.